Waliopita Kibarani

Mnara wa askari wa Kiafrika ulioko Mombasa, kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta, una sanamu za askari lakini hauna jina la askari hata mmoja. Ulijengwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nao una wenzake wawili: ule wa Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, na ule wa Nairobi wa mwaka 1928. Maandishi ya mnara wa Nairobi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanampa mpiganaji ahadi: akifa kwa ajili ya nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imewekwa mahali ambapo jina lenyewe halikuandikwa.

Vita vyote viwili vya dunia vilipita Mombasa kwa njia moja. Reli inayoshuka kutoka bara hupita Changamwe, hufika Kibarani, huvuka Makupa na kuingia kisiwani hadi Kilindini. Askari aliyetoka Machakos au Kisumu kwenda kupanda meli alipita hapo. Askari wa Kihindi aliyeshuka melini kwenda Voi na Taveta naye alipita hapo hapo, akielekea upande wa pili. Leo Kibarani hutajwa kwa mambo mengine: jaa la taka lililokaa miaka na mikaka kabla ya kufungwa na kupandwa miti, au daraja jipya la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022. Treni za kijeshi hutajwa mara chache.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Mombasa ilikuwa karibu na mstari wa mbele. Upande wa kusini, ng'ambo ya Vanga, ilikuwa nchi ya Wajerumani, na kufikia Oktoba mapigano yalikuwa yamefika Gazi. Mwishoni mwa mwezi huo msafara wa meli kutoka Bombay ulitia nanga Mombasa ukiwa na jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Kutoka hapo uliteremka kwenda Tanga. Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba jeshi hilo lilishindwa na kikosi cha Wajerumani na askari wao wa Kiafrika ambacho hakikufika robo yake, likarudi Mombasa na majeruhi wake. Vitabu vingi husimulia Tanga kama ushindi wa kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, na aibu ya jenerali wa Kiingereza. Wahindi wa vikosi vya Palamcottah, Rajput na Kashmir waliofia kwenye minazi na mashamba ya Tanga hupewa sentensi moja, na mara nyingi sentensi hiyo ni ya kuwalaumu.

Mombasa nayo ilitoa kikosi chake. Arthur Wavell, Mwingereza aliyekuwa na shamba pwani na aliyejua Kiswahili na Kiarabu, aliwaandikisha Waarabu wa mji na wa pwani, wakaitwa Arab Rifles. Walilinda njia za kusini, kuelekea Gazi na Mwele, na huko Mwele Wavell aliuawa tarehe 9 Januari 1916 pamoja na baadhi ya watu wake. Yeye ana jiwe la ukumbusho karibu na Fort Jesus, na kikosi kizima kimeingia katika historia kwa jina lake: Waarabu wa Wavell. Jambo hilo lina mfano wa awali. Mwaka 1908 Wavell alikwenda kuhiji Makka akiwa amejificha, na mmoja wa waliofuatana naye alikuwa Mswahili wa Mombasa aitwaye Masaudi. Msafiri akapata umaarufu kwa kitabu chake. Masaudi anajulikana kwa jina moja tu, tena kwa sababu limo katika kitabu hicho.

Lakini katika vita hivyo askari walikuwa wachache kuliko wapagazi. Kusini mwa Kilimanjaro hakukuwa na barabara za kupitisha magari, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Kila kitu kikabebwa kichwani: risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, unga, dawa, machela za majeruhi. Jeshi lilipokwenda mbali na reli, mpagazi mmoja alihitaji mpagazi mwingine wa kumbebea chakula, na huyo wa pili naye alihitaji wa tatu. Ndiyo maana idadi ilipanda hadi ikafika watu wapatao milioni moja kwa upande wa Waingereza pekee, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Kongo na kwingineko. Mwaka 1917 serikali ya Kenya ilifanya msako mkubwa wa wanaume vijijini, ukisimamiwa na ofisa wa kikoloni John Ainsworth, na baadhi ya wilaya zilibaki na wazee, wanawake na watoto.

Risasi haikuwa muuaji mkubwa. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Watu waliozoea mtama, ndizi au viazi walipewa unga wa mahindi wakiwa hawana muda wala kuni za kuupika ukaiva. Watu wa nyanda za juu walipelekwa kwenye mabonde ya Rufiji na Ruvuma wakiwa na blanketi moja. Wanahistoria hukadiria kuwa waliokufa walikaribia 100,000, na wengine hutaja idadi kubwa zaidi. Jina la jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps, liligeuzwa na vinywa vya Waswahili likawa Kariakor kwa Nairobi na Kariakoo kwa Dar es Salaam. Masoko hayo mawili ndiyo makumbusho yao yanayotajwa zaidi, na wengi wanaonunua nyanya au vitenge hapo hawajui kwamba wanataja jina la jeshi.

Kusahauliwa kwa watu hawa kuna tarehe na kuna waliokuamua. Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917 kwa msingi uliokuwa mpya na wa haki: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo, rangi wala dini. Ulaya msingi huo ulifuatwa. Makaburi ya Ufaransa na Ubelgiji yana majina ya makabwela pamoja na ya mabwana. Afrika Mashariki uliwekwa kando. Maofisa wa tume na magavana waliandikiana barua na kukubaliana kwamba kwa Waafrika ingetosha minara michache ya jumla katika miji mikubwa. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona mwaka 1922 kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Mnara wa Mombasa ni zao la fikra hiyo. Unapendeza kuutazama, na waliouchonga walijitahidi, lakini ulikuwa badala ya majina.

Sababu iliyotolewa mara nyingi ni kwamba orodha hazikuwepo. Sababu hiyo ina udhaifu mkubwa. Oscar Watkins, mkuu wa wapagazi wa Kenya, aliendesha ofisi iliyowapa wapagazi namba na kuweka daftari, kwa kuwa bila daftari mshahara usingelipika. Baada ya vita ulizuka mgogoro mrefu juu ya mishahara ya marehemu ambayo haikudaiwa, na hesabu ya namna hiyo haiwezi kuwepo pasipo majina. Zaidi ya hayo, miaka ile ile serikali ya Kenya ilianza kutekeleza sheria ya kipande. Kila mwanaume Mwafrika mtu mzima aliandikishwa, akachukuliwa alama za vidole, akaning'inizwa shingoni kopo la bati lenye karatasi yake. Serikali iliyoweza kumwandika kila mwanaume hai ili asitoroke kazi haikuwa na uzito wa kuwaandika waliokufa. Na wakati huo huo, mwaka 1919, maveterani wa Kizungu waligawiwa mashamba katika nyanda za juu za Kenya kama shukrani ya vita. Mpagazi aliyerudi alipewa kipande.

Ilipita karne nzima kabla ya jambo hili kukiriwa rasmi. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo mrithi wa ile ya mwaka 1917, ilitoa ripoti iliyosema kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Vita vya pili vina habari nyingine. Mara hii majina yaliandikwa, na bado waliotajwa wakasahauliwa.

Mwaka 1939 King's African Rifles, ambao Waswahili waliwaita Keya, walikuwa na vikosi vichache. Vita vilipokwisha vilikuwa zaidi ya 40, na watu wapatao 320,000 wa Afrika Mashariki walikuwa wameingia jeshini kwa namna moja au nyingine: wapiganaji, madereva, wapishi, wauguzi, wachimba mahandaki. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, chenye sarufi iliyokatwakatwa, lakini kilimwezesha Mkamba kumwelewa Mnyamwezi na Mluo kumwelewa Myao. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa shule yao ya kwanza ya lugha hii, na kuenea kwa Kiswahili bara hakuwezi kuelezwa vizuri bila kuitaja kambi.

Mapema mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya, yakiwa na watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Afrika Kusini, yaliteka Kismayu, yakavuka Juba, yakateka Mogadishu, na tarehe 6 Aprili yakaingia Addis Ababa. Haile Selassie alirudi katika mji wake tarehe 5 Mei. Ethiopia ikawa nchi ya kwanza kukombolewa kutoka mikononi mwa mataifa ya Mhimili, mwaka mmoja na nusu kabla ya ushindi wa El Alamein ambao filamu na vitabu vya Uingereza huutaja kuwa ndio mgeuko wa vita. Wapiganaji wa Kiethiopia, waliokaa milimani miaka mitano wakipigana na Waitalia kabla dunia haijaamka, nao hupata nafasi ndogo katika simulizi hiyo.

Mombasa yenyewe ikageuka kuwa ngome kubwa baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee mwezi Aprili 1942. Uingereza ilirudisha nyuma manowari zake za Bahari ya Hindi, chini ya Admirali James Somerville, na Kilindini ikawa makao yao. Shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari, ilichukuliwa na wafumbuzi wa mawasiliano ya siri ya Wajapani. Humo, mwaka huo huo, walivunja mfumo wa siri uliotumiwa na meli za mizigo za Japani, jambo lililozianika meli hizo kwa nyambizi za Washirika. Leo kila msomaji wa habari za vita anajua Bletchley Park, kituo cha wafumbuzi kule Uingereza, lakini ni wachache wanaojua kwamba kazi ya namna hiyo ilifanyika katika madarasa ya Mombasa. Kutoka bandari hiyo pia askari na mizigo ilikwenda Madagaska, ambako vita na serikali ya Kifaransa ya Vichy viliendelea hadi Novemba 1942.

Manowari hazijilishi. Makuli wa Kilindini walipakia na kupakua makaa, mafuta, mabomu na chakula mchana na usiku, huku bei ya vyakula na kodi ya vyumba kisiwani zikipanda kuliko ujira wao. Walikuwa wamegoma tayari mwaka 1939, wafanyakazi wa mji wakagoma tena wakati wa vita, na Januari 1947 mji mzima ukasimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi, wakawa wanakutana katika uwanja wa Majengo walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Historia huuhesabu mgomo huo kuwa ukurasa wa vyama vya wafanyakazi, na ni kweli. Lakini ni ukurasa wa vita vile vile, kwa kuwa waliogoma ndio waliokuwa wameibeba bandari mabegani miaka sita.

Tukio linalostahili kusimuliwa kwa urefu lilianzia Kilindini mapema Februari 1944. Msafara wa meli tano za kubebea askari uliondoka kwenda Colombo. Moja ya meli hizo ilikuwa Khedive Ismail, iliyobeba watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, Waafrika na maofisa wao, wakielekea kwenye vita vya Burma. Walikuwamo pia mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa huduma za kijeshi. Kwa wengi wa wapiga mizinga hao, waliotoka bara, hiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya bahari.

Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Waliokuwa chini ya sitaha hawakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi. Nyambizi ikajificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari Petard ikalazimika kutupa mabomu ya majini katikati yao ili kuipata, kwani meli nyingine nne zilikuwa bado hatarini. Nyambizi ilizamishwa siku hiyo hiyo. Waliokufa katika Khedive Ismail ni 1,297. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6.

Msiba huo ni miongoni mwa mikubwa kabisa iliyozipata meli za Washirika katika vita vyote. Wanawake 77 waliokufa humo wamekumbukwa Uingereza kwa makala na ibada, kwa kuwa ni idadi kubwa kupita kiasi ya wanawake wa jeshi kufa kwa mpigo mmoja, na ni haki yao kukumbukwa. Wapiga mizinga wa kikosi cha 301 wana majina yao katika ukuta wa makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, kama walivyostahili. Tofauti iko nje ya ukuta. Mombasa, bandari ya mwisho waliyoiona, haina siku ya kuwakumbuka, na mtoto wa shule ya kisiwani humaliza masomo yake ya historia bila kuisikia Khedive Ismail.

Wenzao waliofika Burma waliingia katika Bonde la Kabaw katikati ya mwaka 1944, msimu wa mvua, mahali palipojulikana kwa malaria na tifasi ya vichakani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani bondeni humo hadi Kalewa, iliyofikiwa Desemba, na hapo likatandazwa daraja la vyuma juu ya mto Chindwin ambalo kwa wakati ule halikuwa na mfano kwa urefu. Jeshi zima la Burma lilijiita jeshi lililosahauliwa, kwa sababu macho ya Uingereza yalikuwa Ulaya. Waafrika walikuwa waliosahauliwa wa jeshi hilo. Vita vilipokwisha, hata bahashishi ya kuagwa ilipimwa kwa rangi: uchunguzi wa waandishi wa habari uliotoka mwaka 2019 ulionyesha nyaraka za serikali zilizompangia askari Mweusi kiasi kilichokuwa hadi mara tatu chini ya cha mwenzake Mzungu wa cheo kile kile.

Lawama zote haziwezi kupelekwa London. Kenya huru ilipojenga simulizi yake ya taifa, askari wa mfalme hakuwa na pa kuwekwa. Shujaa alikuwa yule aliyepigana na Mwingereza, na aliyepigana chini ya bendera ya Mwingereza alionekana mtumishi wake, ingawa mara nyingi alikuwa mtu mmoja. Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, alipigana Burma akiwa Keya. Bildad Kaggia alitumikia jeshi Mashariki ya Kati na Uingereza kabla ya kuingia katika siasa. Msitu wa Mlima Kenya unakumbukwa. Burma ya Itote hutajwa kama utangulizi. Kwa pwani kuna sababu ya ziada: vita viliitwa vita vya Wazungu, na jina hilo, ingawa lina ukweli kuhusu aliyeanzisha, limewafuta waliolazimika kuvipigana.

Fasihi ilitangulia mbele ya shule. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru, utenzi mrefu wa maelfu ya beti juu ya vita vya 1939 hadi 1945, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake. Mtanga huyo aliona kwamba vita vile vilikuwa mali ya Waswahili pia na vilistahili bahari ile ile ya utenzi waliyoitumia mababu. Husomwa mara chache kuliko kazi zake nyingine.

Majirani nao wana hali hiyo. Tabora ilitekwa Septemba 1916 na askari wa Kongo wa jeshi la Ubelgiji, kazi kubwa ambayo Tanzania na Ubelgiji zote huitaja kwa kupita. Mwaka 1941 Wakongo wa jeshi hilo hilo walivuka Sudan hadi magharibi ya Ethiopia na kupokea silaha za majenerali wa Kiitalia huko Saio. Ufaransa, ilipokaribia kukombolewa kikamilifu mwaka 1944, iliwaondoa askari wa Kiafrika katika mstari wa mbele na kuweka vijana wa Kifaransa mahali pao, na Desemba mwaka huo askari waliorudi Senegal na kudai malipo yao walipigwa risasi katika kambi ya Thiaroye.

Kurekebisha kumeanza kwa mwendo wa pole. Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa watu Weusi wa Afrika Kusini waliotumikia katika vita vya kwanza pasipo kubeba silaha na kufa bila kuandikwa popote. Ni nguzo 1,772 za mti, kila moja na jina la mtu mmoja na tarehe ya kufa kwake. Majina hayo yalipatikana katika makaratasi ya zamani, yale yale yaliyodhaniwa hayafai kitu. Nchini Kenya, Tume ya Makaburi ya Vita imeanza kazi ya kutafuta majina na mahali walipozikwa wapagazi. Vyanzo vyake ni daftari za mishahara, barua za maofisa wa wilaya, na koo ambazo bado zinajua babu yupi alichukuliwa mwaka wa msako na hakurudi. Chanzo hicho cha mwisho ndicho chenye haraka kuliko vyote, kwa kuwa wanaokishika wamefika umri wa miaka tisini.